Jiwe Ambalo Matiko Alishindwa Kulitoa

Afadhali jambo hili mlisikie kwangu, maana kule Nyanungu kwa wakwe zangu bado linasimuliwa na kila anayelisimulia anaongeza chumvi yake. Ndiyo, ni mimi niliyekimbizwa na machimbo mazima nikiwa nimevaa fulana tu, na ndiyo, mama mkwe wangu alikuwepo. Waliosema nilikuwa nimevaa hata viatu wananipendelea.

Ilikuwa ule wakati dhahabu imetoka upande wa Tarime na watu wamechanganyikiwa, walimu wanaacha chaki, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari wanavuka na sululu begani, na mimi Mwita nikaacha shamba langu la mihogo Morotonga, huko Serengeti, nikamwacha mke wangu Ghati na mtoto, nikaenda kuingia kwenye duara (ndiyo shimo tunalochimba, unashuka kwa kamba mpaka unasahau jua linafananaje). Nikajiambia nitarudi na bati za nyumba. Nilirudi na kitu kingine, lakini tusiharakishe.

Siku moja naoga kwenye bafu letu la viroba, nikajisabuni huku na huku, nikagundua korodani yangu ya kulia imekuwa ngumu, kama mtu ametia kokoto ndani yake. Nikabonyeza, haiumi. Nikabonyeza tena, haiumi. Sasa mimi kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi hivi: kinachouma ni ugonjwa, kisichouma ni maumbile, basi nikamalizia kuoga. Kifua nacho kilikuwa kimeanza kujaa, chuchu zinawasha fulana ikizigusa, wenzangu wakawa wananipiga mabega wanasema mura (yaani kijana, kwa lugha yetu), dhahabu imekukubali, umenenepa. Nami nikawa natembea nimekitoa mbele hicho kifua, najiona tajiri mtarajiwa.

Ningeweza kwenda zahanati, lakini muuguzi alikuwa binti mdogo wa Mtwara, mpole, ananisalimia shikamoo kaka, ningeanzia wapi? Ningeweza kumwambia Ghati, lakini nikaona nitamtia wasiwasi bure. Basi nikafanya uamuzi mmoja mdogo, ndio ulioniponza: nikachana kipande cha shuka, nikakikunja, nikajifunga vizuri kwa ndani ili kile kitu kisigongegonge nikishuka kwa kamba, na nikanyamaza.

Haukupita muda mrefu, duara letu likashika mawe mazuri. Mawe yakiwa mazuri rafiki yako anakuwa mshukiwa, kwa hiyo mwenye duara akaamuru kila anayetoka shimoni asachiwe, na kazi hiyo akapewa Matiko. Matiko mnamjua hata kama hamjamwona, kila machimbo yana mtu kama yeye. Alikuwa ameshatoa mawe kwenye nywele za watu, kwenye mashavu, ndani ya andazi lililoumwa nusu, na alikuwa anajisifu kwamba jiwe la dhahabu halijazaliwa ambalo litampita.

Hapo mdomoni mwa duara ndipo akina mama walipouzia makande na uji, na mmoja wao alikuwa Mama Ghati, mama mkwe wangu, aliyekuja na sufuria lake kutoka Nyanungu kufuata biashara kama watu wote. Kwetu mkwe na mama yake mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Tulikuwa tumeelewana bila kusema neno: yeye anakaa upande wa juu, mimi nakula kwa mama mwingine upande wa chini, na kila mtu na heshima yake. Siku hiyo jua lilikuwa kali, akahamia upande wa chini kwenye kivuli cha turubai. Mimi nilikuwa shimoni, ningejuaje?

Nikatoka, nikapanga foleni, nikainua mikono. Matiko akapita kichwani, kwapani, kiunoni, akafika pale, akasimama.

"Hapa kuna nini, mura?"

"Ni mwili."

"Mwili gani umefungwa kamba?"

"Ni busha," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikitumaini ataona haya.

"Mabusha nayajua, baba yangu mdogo analo," akasema Matiko, na yeye hakushusha sauti. "Busha ni laini. Hili ni jiwe. Vua."

Nikageuza shingo kuangalia nani yuko karibu, nikaona turubai, nikaona sufuria, nikaona Mama Ghati ameshika upawa hewani na uji unadondoka kutoka kwenye upawa. Hapo akili iliniruka kabisa. Mtu mwenye akili angesema twende pembeni nikuonyeshe. Mimi nikaona heri niitwe mwizi kuliko kuvua suruali mbele ya mama mkwe, kwa hiyo nikakimbia (na kwa kukimbia kwangu nikaishia kuvuliwa hiyo hiyo suruali mbele ya huyo huyo mama mkwe na watu wengine ambao hata sikuwajua).

Machimboni ukikimbia umeshakiri. Ikapigwa yowe, watu wakaacha nyundo, karasha za kusagia mawe zikazimwa, wanaume kutoka maduara ya jirani ambao hata hawakujua nimeiba nini wakajiunga nao. Nikaruka kamba, nikaruka rundo la kifusi, msumari wa mti mmoja ukanidaka suruali, nikasikia inachanika na nikaiachia msumari maana haukuwa wakati wa kugombania nguo. Kile kipande cha shuka kikafunguka kikawa kinanifuata nyuma. Nikapinda kushoto nikidhani kuna njia, kumbe kuna dimbwi la kuoshea mchanga, nikaingia na kichwa.

Wakanitoa kama samaki. Matiko akafika anahema, akafuta tope, akalishika lile jiwe kwa furaha ya mtu aliyeshinda, akalivuta. Jamani. Sisi tulitahiriwa hadharani bila kutikisa kope na ukoo ukajivuna, lakini siku ile nilimwita marehemu bibi yangu kwa sauti ambayo nadhani aliisikia.

"Halitoki," Matiko akasema, ameduwaa.

"Amelishonea ndani," mmoja akasema.

"Wana dawa hao wa Serengeti," mwingine akasema.

Mwenye duara akaja amekunja uso, akainama, akaangalia, akasema kama limeshonwa basi lifumuliwe, leteni kisu. Aliyetumwa hakuuliza kisu cha nini, aliondoka mbio, na hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa hawatanii. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nawaambia ukweli.

Ndipo ikasikika sauti ya Mama Ghati. Alikuwa amesogea mpaka karibu yetu, ametugeuzia mgongo, amejifunika kanga kutoka kichwani mpaka puani, na sufuria amelibeba mikononi. Kwa kuwa hawezi kusema nami, wala hawezi kusema habari za mwili wangu, aliongea na sufuria.

"Wewe sufuria," akasema, "waambie hao wanaume kwamba kaka yangu mimi alikuwa na jiwe kama hilo. Halikuuma, akalificha, akaona haya, likampanda tumboni na kifuani tukamzika bado kijana. Waambie jiwe lisilotoka si la duara. Na waambie atakayemgusa baba wa mjukuu wangu na kisu, huu uji wote ni wa moto."

Hakuna aliyecheka. Kisu kilipofika kilirudishwa.

Mwenye duara, hata hivyo, hakuwa mtu wa kukubali hasara kirahisi. Akasema sawa, hospitali aende, lakini aende na Matiko, na kitakachotolewa huko, kama ni mali, kirudi kwake. Hivyo ndivyo nilivyosafiri mpaka hospitali ya Tarime nimevaa kanga ya mama mmoja wa makande, Matiko ubavuni ameniwekea ulinzi mkali, na nilipoingia msalani alisimama mlangoni.

Daktari alikuwa mzee kidogo, ametoka Kagera, haharakishi. Akalishika, akauliza linauma, nikasema hapana, akaguna. Kisha akaniambia nivue fulana, nikashangaa fulana inahusiana na nini, akabonyeza kifua changu kile nilichokuwa natembea nacho kwa maringo.

"Hiki kimeanza lini?"

"Hiki ni kunenepa tu, daktari."

"Si kunenepa," akasema. "Kinatokea huko chini. Kuna uvimbe kwenye korodani unamwaga homoni, ndio unakuotesha maziwa."

Matiko aliyekuwa mlangoni akakohoa, na nikajua habari ya maziwa itafika Nyanungu kabla yangu. Wakanipaka mafuta ya baridi wakapitisha kile kifaa cha kupiga picha, wakanitoa damu, wakanipeleka Mwanza, na Matiko nyuma yangu. Huko daktari wa upasuaji akaniambia inashukiwa saratani ya korodani, tena si zile wanazoziona mara kwa mara, hii ni adimu, yeye mwenyewe aliijua zaidi vitabuni. Sasa ukiwa na ugonjwa adimu kwenye hospitali yenye wanafunzi, ndugu zangu, sahau faragha. Walikuja kundi zima na makoti meupe, wote wakapitisha mkono, na mmoja wa kike alipomaliza akanitazama usoni akasema shikamoo shemeji, kumbe ni wa ukoo wa Ghati.

Wakalitoa lote, kwa kupasua kinena na si kule nilikokuwa nategemea, maana daktari alisema huko ukigusa vibaya unalisambaza (nikamkumbuka Matiko alivyovuta, nikatoka jasho). Baadaye akaja kutueleza walichokiona. "Tulipoukata huo uvimbe," akasema, "ndani ulikuwa wa kahawia inayoelekea rangi ya dhahabu."

Matiko akasimama. "Kwa hiyo imo?"

"Hapana, baba. Ni rangi tu."

"Mmepima na zebaki?"

Daktari akachukua faili lake, akaondoka. Mpaka leo wapo watu kule wanaoamini nilikuwa na dhahabu mwilini na kwamba madaktari wa Mwanza wamejengea nyumba.

Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara, tukaambiwa tusubiri. Kama saratani imeshahama, alisema daktari, aina hii haisikii sana dawa, hatutakuwa na la kukufanyia. Wiki hizo sikuwa mchekeshaji. Ghati alikuwa amefika, ameacha shamba, anakaa kwenye kile kiti cha chuma ananimenyea chungwa, na hakuwa amenigombeza hata mara moja, mpaka siku moja akaweka chungwa chini.

"Mwita," akasema, "ulikuwa tayari wakuue kama mwizi kuliko kuniambia mimi?"

Nilikuwa na sababu nyingi kule machimboni, zilionekana za maana kabisa, na pale kitandani hata moja haikufaa kusemwa. Akalia, nikalia, mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Majibu yakarudi: haikuwa imehama. Nilibakiwa na moja, na hiyo moja imeleta mtoto wa pili, wa kiume, kwa hiyo wanaoniuliza kwa kuzunguka nadhani nimewajibu. Mwanza narudi wanipige picha kila wanaponiita, kifua kimenywea, na machimboni sijarudi.

Na nimejiapiza kwamba hakuna kitu kwenye mwili huu kitakachoota, kitakachovimba wala kugeuka rangi bila Ghati kujua siku hiyo hiyo. Upele namwambia. Kucha ikiwa na doa namwonyesha. Juzi nilimwamsha asubuhi nikamwambia sikio la kushoto linawasha, akasema amesikia, akafungua dirisha kupata mwanga, akanivuta kichwa mapajani mwake na kulitazama lile sikio kwa makini mpaka akaridhika.