Kumbikumbi Niliowaficha kwenye Mboga

Nakumbuka siku moja ya mvua za kwanza, huku kwetu Mgeta. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba kama usingizi usiotaka kuisha, na kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, mabawa yakimeremeta. Ilikuwa enzi za Mdachi, mwanangu. Wanaume walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, vihenge vitupu. Sisi wasichana tulikimbia na vikapu tukicheka, maana mboga ilikuwa imetujia yenyewe.

Bibi mzaa mama, aliyenilea, aliwapenda kumbikumbi tangu utoto. Siku hiyo akakataa.

"Mwaka jana walinivimbisha midomo," alisema. "Mwili wangu umewakataa. Kula wewe, mke mwenzangu, bado unatafuta mume. Mimi kiuno hiki nani atakiangalia?"

Nilicheka, lakini sikumwamini. Wakati wa njaa wazee wetu husema wameshiba ili watoto wale. Nikadhani na hii ni huruma ya namna hiyo. Basi nikawakaanga, nikawatwanga, nikawachanganya na majani ya maboga, nikamwandalia. Nilifanya kwa mapenzi, ndiyo maana sikuona ubaya.

Hakufika tonge la nne. Mabaka yalimtoka, macho yakavimba, pumzi ikapita kooni kwa mlio kama filimbi.

"Bibi, nimekutilia kumbikumbi!" nililia.

Nikamketisha, nikamwegemeza kifuani mwangu. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nje mabawa yalidondoka taratibu kama maua, nami kila pumzi yake niliiombea mwenzake. Dawa hatukuwa nayo. Mungu tu ndiye aliyemfungulia njia.

Sauti ilipomrudia alisema, "Kitanda usichokilalia, mjukuu wangu, hujui kunguni wake. Siku nyingine ukitaka kunipenda, niamini kwanza."

Mwanangu, chakula ambacho mzee amekila maisha yake yote chaweza kumgeukia uzeeni, na mara ya pili ikawa kali kuliko ya kwanza. Akisema "hiki sikiwezi", usimbishie, wala usimfichie chunguni, hata chembe, hata kwa huruma. Na ukimwona anavimba au anapumua kwa shida, usikae kama nilivyokaa mimi. Ninyi mna hospitali. Mkimbize saa ileile.

Mungu akujaalie sikio sikivu, na mkono ambao wazee wako watapokea tonge lake bila hofu. Amin.