Binti wa Selofehadi Karakanani

Fundi huyu hukalia kigoda kifupi, kiatu amekibana katikati ya magoti, uzi wenye nta mdomoni. Ukimsemesha wakati huo, atakujibu kwa nyusi. Kazi alifundishwa na baba yake ndani ya chumba hiki hiki, chenye dirisha la barabarani na ukuta uliojaa kalibu za mbao za kuundia viatu vya kila saizi. Mtaani wanamwita Soli.

Mwaka jana nusura chumba hicho kimponyoke. Baba alipofariki aliacha mabinti wawili, Soli na mdogo wake, bila mtoto wa kiume. Baba yao mdogo akatangaza kwamba karakana itapangishwa kwa muuza simu. Hakuwa na roho mbaya. "Mtoto wa kike ni wa kwenda," alisema. "Ataolewa, na kibao chenye jina la kaka yangu pale mlangoni kitashushwa na mkwe nisiyemjua hata kwa sura." Kikao cha ukoo kikaitishwa.

Sasa, darasa la akina mama kanisani kwa Soli lina utaratibu wake. Habari za wanawake wa Maandiko hawazisomi tu. Kila mmoja hupewa mwanamke wake, akasimama na kumsimulia kana kwamba ni yeye mwenyewe. Soli, mpenda viti vya nyuma, alikuwa amepewa Noa, mmoja wa wale mabinti watano wa Selofehadi waliofiwa na baba katika safari ya kutoka Misri, wakaenda mbele ya Musa kudai fungu lake la ardhi. Maneno ya Noa aliyafanyia mazoezi huku akigonga visigino, hadi wateja nao wakayajua.

Siku ya kikao, sebule ya baba mdogo ilijaa. Soli akaambiwa aseme lake. Akasimama, na mdomo ukashika njia uliyoizoea:

"Baba yetu alifia jangwani."

"Jangwani?" shangazi akashtuka. "Si alifia wodini, nami nimemshika mkono?"

Sebule ikaangua kicheko. Mdogo wake akaficha uso kwenye mtandio. Soli angeweza kukaa. "Lakini maji nilishayavulia nguo," anasema. "Na niliamini Mungu aliyewasikia wale watano hajawa kiziwi."

Shangazi akajifuta machozi. "Haya, mwanangu, endelea. Huko jangwani kukawaje?"

Akasimulia. Jinsi dada wale walivyosimama mlangoni pa hema, mbele ya kuhani na wakuu, wakauliza kwa nini jina la baba lifutike kwa kuwa tu hakujaliwa mwana. Jinsi Musa, pamoja na ukubwa wake wote, alivyokwama akaenda kumuuliza Mungu. Na jinsi jibu lilivyokuja: mabinti wamesema kweli, wapewe.

"Umeikatiza njiani," baba mdogo akadakia. "Mbele huko waliambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Mimi nami nasoma, usidhani!"

"Vizuri," shangazi akasema. "Basi mume ukamtafute wewe, karakana umwachie yeye."

"Na nikimkosa?"

"Kosa litakuwa lako, si lake."

Watu wakacheka tena, safari hii baba mdogo akiwa miongoni mwao. Kisha akamgeukia Soli, sauti imeshuka. "Na kibao?"

"Hakishuki, baba. Hata nikiolewa na mfalme."

Muuza simu alipata chumba kwingine. Mdogo wake Soli sasa anajifunza kubandika soli, na gundi humganda zaidi vidoleni kuliko kiatuni. Baba mdogo hupita kila wiki na jina la mchumba mpya. Darasani, Soli amepewa Yaeli, yule aliyemuua jemadari kwa kigingi cha hema na nyundo. Baba mdogo ameomba jambo moja tu: asifanye mazoezi akiwa kazini.