Siku Nilipojiita Mahusuru Mbele ya Mwalimu Amisi

Haya ninayowaambia ni aibu yangu ya miaka mingi, na ningekufa nayo kama si Zaina kuitoboa kila tukipata wageni. Basi bora muisikie kwangu mimi, maana yeye anatia chumvi (anasema nililia, mimi sikulia, ilikuwa moshi).

Ilikuwa wakati wa Wabeleji, mimi karani wa stesheni ya treni hapa Kindu, suruali imepigwa pasi, kalamu mfukoni, najiona mukubwa kweli. Nilimpenda Zaina, binti ya Mwalimu Amisi aliyekuwa anafundisha watoto Kurani, na kwetu Waislamu wa Kindu mambo hayo yanapitia barua: unaandika posa, wazee wako wanaipeleka, inasomwa kwa sauti mbele ya wanaume wa ukoo wa binti, humo njo (ndimo) wanakupima. Na kijana mmoja muuza nguo alikuwa amekwisha kupeleka yake. Nilijua barua yangu ikiwa ya hovyo, Zaina amekwenda.

Sasa barua ilikuwa imekamilika, ningeifunga tu mambo yakaisha, lakini nikasema hapana, niongeze neno moja la kizee. Jirani yangu alikuwa amenitajia lile la watu wa zamani waliotoka pwani, kuhusuru, yaani kuzunguka mji kwa vita, wa ndani wasitoke na chakula kisiingie, ambalo siku hizi tunasema kuzingira tu. Likanipanda kichwani. Nikaandika: "Moyo wangu umehusuriwa na mapenzi, umezingirwa, umezungukwa pande zote, mimi ni mahusuru, silali wala sili." (Asubuhi ile nilikula mihogo na samaki mpaka nikalegeza mukanda.)

Wazee wangu wakaipeleka, na Ijumaa baada ya sala habari ikaja: karani aje mwenyewe. Aka! Mwenye kuposa hukaa nyumbani, anaitiwa nini? Nikaenda na baba mudogo, tukakuta wanaume wamejaa kwenye mikeka. Mwalimu akasoma polepole, alipofika kwa lile neno akavua miwani.

"Karani, hili umelitoa wapi?"

"Ni letu la zamani, Mwalimu."

"Na maana yake unaijua?"

"Naijua sana."

"Basi tangu lini hujala?"

Ningesema ukweli pale pale, lakini watu wote wananiangalia, ulimi ukateleza: "Siku tatu, Mwalimu." Baba mudogo akakohoa (asubuhi ile tulikula mihogo sahani moja).

"Maskini," Mwalimu akasema. "Basi husuru haijafunguliwa. Leteni chakula, lakini karani musimupatie, tusimuvunjie neno lake."

Kikaletwa wali wa Kibombo, samaki wa mawese na sombe ya majani ya mihogo, na wale wazee hawakuwa na haraka hata kidogo, kila tonge na hadithi yake, mimi nimekunja miguu nasikiliza tumbo langu likiunguruma, na jirani wa kushoto naye analisikia. Nikaomba ruhusa kwenda kujisaidia. Huko nyuma nikapita mbele ya jiko, mlango wazi, hakuna muntu, chungu cha samaki peke yake. Nikasema kipande kimoja, kidogo. Nilikuwa kwenye cha tatu Zaina alipoingia kuongeza wali.

Tukatazamana. Mimi shavu limejaa, yeye sahani mkononi, halafu akapiga kelele: "Shangazi! Karani iko ndani ya chungu!"

Mama yangu! Shangazi Sikuzani akaja na mwiko, nyuma yake mwingine na mchi, mwingine na ungo, wakajaza mlango, na jiko lile lilikuwa na mlango mmoja tu. Kisha wanaume wakafuata, Mwalimu mbele, mimi mawese yananitiririka kwenye shati nyeupe.

"Karani, unaweza kutoka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na chakula kinaingia?"

"Hapana."

"Basi hii tunaiitaje?"

"Husuru, Mwalimu."

Watu walicheka mpaka baba mudogo akashika ukuta, lakini Mwalimu hakucheka. Alikaa juu ya kinu, akasema kwamba utotoni mwake, vita ya Waarabu na Wabeleji ilipozunguka boma lao, mama yake aliwapikia ngozi ya ngoma, na dada yake mudogo hakuimaliza vita ile. "Hili neno iko na njaa ndani yake, mutoto wangu. Si la kubembelezea mwanamuke."

Hapo njo aibu ilinishika kweli, ile ya kuchekwa na watu ilikuwa mchezo. Nikasema: "Nisamehe, baba. Nimesema uongo. Asubuhi nilikula, jana nilikula, kila siku nakula. Lakini Zaina nampenda, hiyo si uongo."

Akaangalia chungu, akaniangalia mimi, akamwambia shangazi asogee. "Nenda uandike nyingine," akasema. "Fupi."

Niliandika siku ile ile kule stesheni, mistari miwili: "Nampenda Zaina. Nyumbani kwangu hatalala na njaa." Hiyo njo walikubali.

Tangu siku ile sijaandika neno ambalo maumivu yake siyajui, na sitaandika. Lakini lile moja Zaina anaruhusiwa kulitumia: nikichelewa kwa mazungumzo barazani, chakula kinapoa, anaita mtaa mzima usikie, "Karani, husuru imefunguliwa, kuya ukule!" Nami nainuka mbio.