Tambi za Maziwa, Mlango Ukiwa Umefungwa

Mimi ni mwanaume. Ushahidi ninao, ila siwezi kuutoa hadharani. Desemba nilisimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukaimba mpaka sauti zikawakauka, na tangu siku hiyo mguu wangu hautakiwi kukanyaga jiko la mama. Kwetu Wakurya ndivyo ilivyo. Ukishatahiriwa unaitwa mura, moshi unausikilizia nje na ugali unakufuata ulipo kama wewe ni diwani. Sikulalamika. Nani analalamika akiletewa ugali?

Shida ni kwamba kabla ya kisu nilikuwa mtu wa jikoni kabisa. Tambi za maziwa nazijua kuliko hesabu, na mwalimu wangu wa hesabu hatabisha.

Likizo ya mwezi wa sita malaria ikamwangusha mama. Baba yuko machimboni huko Tarime, anafukuza dhahabu na dhahabu inamkimbia. Nyumbani nilibaki na wadogo zangu wawili: wa kike wa darasa la pili, na wa kiume, mdogo kabisa, ambaye kila kuku kwake ni jogoo. Uji walikuwa wameukataa tangu asubuhi. Mdogo alikuwa analia ile ya kuvuta pumzi kwanza, halafu unasubiri.

Mama alikuwa amejilaza jikoni kwenye mkeka, karibu na mafiga, anatetemeka.

"Baba," akaniita, kama anavyoniita akitaka kitu. "Wapikie tambi."

Nikabaki mlangoni. "Mimi, mama?"

"Huyu dada yako atajimwagia maziwa ya moto. Funga mlango, nani atakuona?"

"Baba mdogo akijua, kesho siendi."

"Hatajua. Akiuliza nitasema nimepika mimi."

Kesho yenyewe ndiyo ilikuwa roho yangu. Ng'ombe wa mahari ya binti wa baba mdogo walikuwa wanaletwa, na yeye mwenyewe aliniambia kwa kinywa chake kwamba nitakaa zizini na wanaume kuwakagua. Mara ya kwanza. Nilishaanza mazoezi ya kumwangalia ng'ombe kwa dharau, nikimtumia wa kwetu, naye akawa ananirudishia.

Nikaingia, nikafunga mlango. Maji kidogo kwenye sufuria, yakachemka, nikavunjavunja tambi ndani. Zilipolainika nikamimina maziwa ya asubuhi, chumvi ya kuonja tu, sukari.

"Koroga, yasipande," mama akasema kutoka mkekani. "Punguza kuni. Ongeza sukari, usiwe mchoyo."

Wadogo zangu wakala kimya, vichwa ndani ya bakuli. Mama alipata vijiko vichache, akaniambia, "Mkono wako mzuri kuliko wangu." Nikavimba kichwa.

Mlango ukasukumwa. Baba mdogo. Alikuwa amekuja kumjulia mama hali.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema, mwiko mkononi.

Aliangalia mwiko, akaangalia sufuria, akamwangalia yule mdogo mwenye sharubu za maziwa.

"Kaka amepika," mdogo akamwambia, kwa furaha kabisa. Yeye simlaumu. Mtu asiyejua tofauti ya jogoo na tetea utamlaumu kwa lipi?

Baba mdogo akamgeukia mama. "Shemeji, wewe ndiye uliyemtuma?"

Nikamwangalia mama. Midomo yake bado ilikuwa na maziwa.

"Mimi sijui lolote, shemeji," akasema, akajivutia shuka. "Nimelala na homa."

"Kumbe ngariba tulimsumbua bure," baba mdogo akaniambia taratibu. "Kesho usije, mura. Baki na mama yako. Vyombo vipo."

Alipoondoka nilisubiri mama aseme kitu. Alijifanya amelala. Namjua akilala, hukoroma.

Kesho yake ng'ombe wakapita nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa nimekaa nje kwenye jiwe, nawasikia wanaume wakibishana kuhusu dume moja lenye pembe mbaya. Mwenzangu niliyetahiriwa naye siku moja alikuwemo, anatoa maoni. Yule hajui hata kukamua.

Jikoni mdogo alianza tena kulia. Mama, bado yuko mkekani, akamwelekeza dada yangu: maji, tambi, maziwa. Halafu nikasikia maziwa yakipanda, chwaaa, moto ukazimika, na dada yangu akaruka nyuma, naye akaanza kulia. Wakawa wawili.

"Baba," mama akaita.

Nikaendelea kuwasikiliza wanaume na dume lao.

"Baba, wadogo zako wana njaa."

Nikainuka. Mlango niliusukuma mpaka ukagonga ukuta, nikauwekea lile jiwe nililokuwa nimekalia, ubaki wazi. Anayepita njiani aone vizuri. Nikapiga magoti kwenye mafiga, nikapuliza kuni zilizolowa.

"Ukiulizwa, mama," nikasema bila kumwangalia, "sema umelala."

Akageukia ukutani. Nikavunja tambi.