Mwaka Bora wa Gemu

Juzi, kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa huko Temeke, wanaume wawili wenye vitambi walikuwa wanabishania mwaka bora wa kampuni moja ya gemu za mpira za kwenye TV.

"Elfu mbili na sita, braza! Hata mvua ilikuwaga inanyesha uwanjani."

"Acha hizo! Kumi na tatu ndiyo walitulia," alijibu mwenzake, vidole gumba vikibonyeza hewa.

Karani akamwita huyo wa pili. "Mtoto kazaliwa mwaka gani?"

Vidole vikaganda. Akamgeukia mwenzake: "Ile gemu waliyoharibu makipa, ya mwaka gani?"

"Kumi na nne."

"Andika huo, dada. Nilikuwa naicheza mama yake aliposhikwa na uchungu."

Siku moja mtoto atauliza mwaka aliozaliwa ulikuwaje. Baba atamjibu kwa uchungu: ulikuwa mbaya, makipa walifungwa hovyo.