Kijiji Kilichojua Mimba Yangu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkanda mpana wa turubai, nikaambiwa nisiupoteze. Mzee hufungwa mkanda huo kiunoni ili upate pa kumshika unapomwinua kitandani. Mzee mzito huinuliwa na watu wawili. Sheria hiyo ilibandikwa ukutani, na ninyi mnaoanza kutunza wazee hapa Landani ishikeni kama dini.

Mimi kazi hiyo sikuifanyia hapa. Mume wangu, aliyekulia Landani, alipata kazi ya ufundi mashine kwenye kiwanda cha mayai huko Iowa, Marekani. Tukahamia kijiji chenye barabara moja, duka moja, makanisa mawili, na mahindi kila upande mpaka macho yanachoka, nami nikaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watu wakikupita na gari huinua kidole kimoja juu ya usukani kukusalimia. Hata mimi na mtandio wangu waliniinulia. Wifi yangu akipiga simu kutoka Thornton Heath, hapa Landani, nilimwambia nimeangukia kwa watu wema. Ujinga wangu huo.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika kulekule. Ya pili ilipofika wiki ya nane, daktari alinikataza kunyanyua mtu peke yangu. Kwetu Unguja mimba changa haitangazwi; hata mama yangu mzazi sikumwambia. Lakini Msimamizi wa Zamu ilibidi ajue, na nilidhani siri ya kazini inaishia kazini. Nikamwambia asubuhi, mlango umefungwa. Alasiri mama wa posta akanipa hongera na kunipapasa tumbo. Kesho yake mlangoni kwangu nikakuta soksi za kichanga na sinia la tambi za jibini. Nikaenda kumuuliza Msimamizi imekuwaje.

"Hapa hatuna siri, mpenzi," akasema, wala hakuona haya. "Sote ni familia moja."

Wiki hiyohiyo akanipangia Mzee Walter, mkulima mstaafu, pande la mtu, mguu mmoja umekufa ganzi. Mwenzangu wa zamu hakuja, anaumwa. Nikaomba mtu wa pili. Msimamizi akasimama mlangoni akaniambia hayupo, nijikaze, bibi zake walivuna mahindi na mimba za miezi minane.

"Wewe una mikono miwili," nikamwambia. "Njoo tumwinue."

"Mimi nina makaratasi yangu."

"Basi Mzee Walter hainuki kitandani leo."

Mzee mwenyewe alikuwa anatusikiliza, mkanda umeshafungwa kiunoni. Akacheka. Akasema amebeba magunia maisha yake yote na hakuna gunia lililowahi kuulizwa linataka nini. Sasa yeye ndiye gunia, na anataka kulala. Akajivutia shuka mpaka kidevuni.

Msimamizi akaandika kwamba nimemtelekeza mgonjwa. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nje, sina kazi. Na kile kijiji kilichojua mimba yangu ina wiki ngapi hakikutaka kujua kwa nini nimefukuzwa. Nikiingia dukani, watu wanageukia rafu. Vidole havikuinuka tena. Wale walioleta soksi, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi kuniuliza, ingawa nusu yao wazazi wao walikuwa kwenye vitanda vile na sheria ya watu wawili waliiona ukutani kila Jumapili walipokuja kuwatembelea.

Mume wangu akaacha kazi, tukarudi kwao Landani tukabanana chumba kimoja kwa wifi. Hiyo kazi sikuirudia tena. Watu wananiambia sikuwa na subira, ningemwangukia Msimamizi miguuni yangekwisha. Kinachonikera ni Mzee Walter tu, kwamba siku ile alilala na njaa ya kukaa dirishani, alipozoea kukaa kila siku, kwa ajili yangu. Kwa mengine sijuti.

Binti yangu ana miaka mitatu. Ninapoandika haya anaugonga mlango kwa kiatu, ananiita kwa Kiingereza, nami namjibu kwa Kiswahili asubiri. Ningemtii yule Msimamizi, mlango huu usingegongwa na mtu.