Chupa za Kurudi

Kazi ya Mama Muhuri pale kiwandani ilikuwa moja tu, na aliifanya kwa miaka ishirini na mbili: kunusa. Kwenye karatasi za ajira waliandika "mkaguzi wa mwisho," lakini hiyo ni lugha ya ofisini. Chupa nyeupe za dawa ya maji ya watoto zilitoka kwenye mashine, zikapoa, zikafika mezani kwake. Yeye anachukua moja katika kila ishirini, anafungua kifuniko, anaweka puani, anavuta. Haina harufu yoyote? Anagonga muhuri kwenye katoni, pu, inayofuata. Chupa ya dawa haitakiwi kunuka hata usafi. Ikinukia sabuni tu, anaitupa kule.

Pua ile ilimpa heshima kazini na shida nyumbani. Mumewe, dereva mstaafu, hakuweza kutoka akarudi bila kusomewa safari yake mlangoni.

"Umekaa na wavuta sigara. Umekula samaki. Na ulipita gereji."

"Mke wangu, hiyo kazi wapo polisi wanaolipwa kuifanya."

Basi, mwaka huo ikaja barua kutoka kwa wanunuzi wa nje, wale wanaozijaza dawa chupa hizo, kurasa kumi na mbili. Sheria za kwao zimekaza. Chupa isiyoweza kurejelezwa, yaani kurudishwa kiwandani baada ya matumizi ikayeyushwa na kuwa kitu kingine, haitavuka mpaka wao tena. Chupa na kifuniko viwe vya plastiki ya aina moja. Gundi ya lebo iachie kwa maji. Ile karatasi ya kung'aa chini ya kifuniko iondoke. Ofisi nzima ilihangaika nayo miezi mitatu. Karani wa mauzo alimsomea Mama Muhuri barua yote, maana lebo nazo zilipita mezani kwake, na akaelewa vizuri kuliko wengi waliovaa tai.

Wa mashine hawakusomewa. Wao walikutanishwa Ijumaa, dakika tano kabla ya kutoka, mikoba tayari begani. Meneja akapanda juu ya mbao za kupangia mizigo. Jina lake la kiwandani ni Kesho Asubuhi, kwa sababu chochote anachotaka anakitaka kesho asubuhi.

"Kuanzia Jumatatu," akasema, "chupa zote za nje ziwe za kurudi. Zote! Sitaki visingizio." Akashuka, akaenda zake.

Sasa, neno "za kurudi" kiwandani pale lilikuwa na mwenyewe. Banda la pili wanatengeneza ndoo na mabeseni, na vipande vilivyovunjika vinasagwa na kurudishwa kwenye mashine. Hivyo vipande ndivyo vinaitwa za kurudi, tangu kiwanda kinafunguliwa. Ndoo ya kudekia hailalamiki. Chupa ya dawa ni punje mpya za plastiki tupu, na mfuko wake haukatwi mpaka ufike kwenye mashine. Hilo alilijua kila mtu, akiwemo msagaji, mwanamume mmoja mnene wanayemwita Kinu, aliyemwoa binamu yake Mama Muhuri. Lakini meneja kasema zote, na hataki visingizio. Kinu akasaga.

Jumatatu ile Mama Muhuri aliamka na mafua. Si mafua ya kupiga chafya mbili, ni yale ya kichwa kujaa saruji. Alitakiwa kusema. Kanuni ilikuwa pale ukutani, ameibandika mwenyewe: pua ikiziba, meza inafungwa. Lakini alikuwa amebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu, na msimamizi mpya, binti mwenye kompyuta, alikuwa ameshauliza mara mbili kama kuna haja ya kuajiri pua wakati mashine za kunusa zinauzwa. Mama Muhuri akanyamaza. Akachukua chupa, akaweka puani, akavuta, hakusikia kitu. Angesikia wapi? Ungempakatisha beberu asingejua. Akagonga muhuri. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumatano mchana lori likaondoka na katoni mia moja ishirini na sita.

Alhamisi, baada ya chai ya saa nne, pua ikazibuka. Chupa ya kwanza aliyoinua aliishusha haraka. Akainua ya pili, ya tatu. Harufu ilikuwa nyembamba, tamu kidogo, imejificha nyuma kabisa. Aliijua. Ni ile inayobaki chumbani siku tatu baada ya kupuliza dawa ya kunguni.

Alimkuta Kinu kwenye mashine yake, masikio kayaziba kwa pamba.

"Shemeji, umeweka nini kwenye chupa zangu?"

"Salamu kwanza, shemeji. Hata bibi harusi husalimiwa."

"Kinu!"

Akatoa pamba. "Nimeweka za kurudi. Nusu kwa nusu na mpya, na rangi nyeupe nikaongeza zipendeze. Hukusikia mkutanoni? Zote, amesema."

"Vipande vya ndoo vinatosha chupa zote za nje?"

"Ndiyo maana nikaagiza. Yule muuza chakavu wa barabara kuu kaleta magunia arobaini. Madumu matupu, yameoshwa, nimeona kwa macho yangu."

"Madumu ya nini?"

Kinu akaangalia gunia kana kwamba litamjibu. "Ya shambani," akasema taratibu. "Ya kupulizia mimea." Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi la plastiki, na mzaha wote ukamtoka usoni.

Meneja alisikiliza akiwa amesimama. Akafunga mlango.

"Mashine isimame, chupa za leo zisagwe," akasema. "Za jana zimeshaondoka. Sasa mama, nisikilize. Fomu yao mpya, ile iliyokuja na barua, inauliza kama chupa inaweza kurejelezwa. Hii inaweza. Hatujadanganya."

"Inauliza pia imetengenezwa na nini. Ukurasa wa saba."

"Nitaujaza mimi."

"Watoto watainywea, bosi."

"Na katoni zina muhuri wa nani?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomtisha. "Siku tatu umezipitisha. Nikiuliza ulinusa nini, utanijibu nini? Kazi yako, kazi ya shemeji yako, watu mia mbili humu ndani. Rudi mezani, mama. Pengine hata haina madhara."

Pengine. Neno hilo aliligeuza huku na huku, akaona halina mpini wa kushikia. Akatoka. Hakurudi mezani. Alikwenda kwa karani wa mauzo, akavuta kiti.

"Andika, mwanangu. Andika kwa wanunuzi kwamba chupa za Jumatatu mpaka Jumatano zina plastiki ya madumu ya sumu. Wasizijaze. Andika kwamba aliyezipitisha ni mimi, nilikuwa na mafua na nilijua nina mafua."

"Mama, hilo la mafua si lazima."

"Andika. Wasije wakasema mama kachanganyikiwa, pua yake ndiyo hii ilipitisha jana."

Karani akaandika. Akatuma, kisha akapiga na simu, maana barua inaweza kulala. Kesho Asubuhi alifika mlangoni simu ikiwa inaita upande wa pili. Alikaa kwenye ukingo wa meza, na wote watatu wakasikiliza.

Stoo ya wanunuzi ikapokea. Ndiyo, lori lilifika alfajiri. Ndiyo, wanasimamisha. Subiri wahesabu. Walisubiri. Kule kulisikika toroli likipita, mtu akiita namba, mwingine akizirudia.

"Tunazo katoni mia moja na ishirini," sauti ikarudi. "Sita zilishuka kwanza, zikaenda moja kwa moja kwenye kujazwa, asubuhi hii. Kulikuwa na oda ya haraka ya hospitali. Gari lina saa mbili tangu liondoke."

"Hospitali gani?" karani akauliza.

"Zipo nne kwenye njia hiyo. Dereva hapokei."

Mama Muhuri akaegemea mezani. "Katoni moja ina chupa ngapi?" akauliza, wala haikujulikana anamuuliza nani.

Karani akafunika simu kwa kiganja. "Mama," akasema, "wewe ndiye unayejua."

"Mia mbili," akajibu. "Waambie wampigie dereva tena."